Kadi ya Hakuna

Binti wa Mzee Kuldip aliniletea boksi la viatu Jumapili mchana, wiki mbili baada ya sisi kumsindikiza baba yake safari ya mwisho, akaliweka juu ya meza yangu ya kulia pale Perry Barr, baina ya sahani ya tende na dawa zangu za presha. Jasi amezaliwa hapahapa Birmingham. Kiswahili anakisikia karibu chote, ila akijibu anarudi kwenye Kiingereza alichokulia. “Auntie, this one's yours. Dad aliandika jina lako on the lid.” Kweli, juu ya kifuniko paliandikwa RUKIA kwa zile herufi zake za karani, zilizosimama wima kama zimeamrishwa. Nilimtilia chai, akanywa nusu kikombe, akaenda kumchukua mwanawe mazoezini uwanjani. Nikabaki na boksi. Sikulifungua upesi, na sitajifanya kwamba ni kwa sababu ya majonzi tu. Nilijua kilichomo, au nilidhani najua: kadi za mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, na katikati yake kadi moja ya uongo, niliyoiandika mimi.

Nilifikaje Birmingham na nani alinileta ni habari ndefu, na wanaohusika wanaijua. Mwaka ule nilikuwa nakaa Winson Green kwa mamdogo wangu, Bi Zuwena, katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanwa na nyingine kushoto na kulia, mtaa ambao ukisimama mlangoni unauona ukuta wa jela. Nilikuwa nasubiri masomo ya uuguzi yaanze. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, juu ya jiko, na sakafu yake nyembamba, kwa hivyo ilitangulia kupanda harufu ya vitunguu, kisha mazungumzo yakafuata. Mamdogo alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kanga kiunoni hata theluji ikianguka, na hakuwa na habari kwamba kila lisemwalo jikoni kwake lilikuwa linasikilizwa na mtu aliyelala chali na soksi mbili mbili.

Mzee Kuldip alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa Singasinga mzaliwa wa Kisumu, aliyefanya kazi miaka mingi huko Kenya kwenye ofisi ya hati za ardhi, na alipoacha kazi na kuhamia huku hakuweza kuishi bila makaratasi. Basi akajitafutia kazi ambayo mamdogo aliiona ya kichaa: kuwatafutia Wamarekani mababu zao. Walimwandikia barua kutoka Virginia na kwingineko, watu ambao wahenga wao walivuka bahari zamani, Amerika ilipokuwa bado koloni la Mwingereza, naye akaenda maktaba kuu ya mjini kupekua madaftari ya makanisa. Lakini macho yalikuwa yameanza kumgomea. Alikuja kwetu Ijumaa moja na bakuli la karanga alizokaanga mwenyewe, akaniuliza kama kweli chuoni kwetu Unguja nilifundishwa kusoma hati za zamani za Kiarabu. Nikamwambia ndiyo. “Basi huyu ataweza,” akamgeukia mamdogo. “Mtu anaweza soma ile ya sheikh, ataweza soma ya padri. Yote ni kuku imekwaruza.” Mamdogo akajitia kukasirika, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

Chumba cha kusomea kilikuwa ghorofa ya juu, hakina dirisha la maana, na mashine zimepangwa mstari mmoja. Unapachika mkanda wa filamu wenye picha za madaftari yale, unazungusha kishikio, na kurasa zilizoandikwa karne tatu na zaidi nyuma zinapita mbele yako kwenye kioo, maandishi meupe juu ya weusi, zikitetemeka. Siku ya kwanza kichwa kilinizunguka nikaenda kukaa chooni. Mzee alikuwa na mtindo wake. Kila tulichokiona tulikiandika kwenye kadi, na kadi zote tuliandika kwa Kiswahili: amebatizwa, ameoa, amezikwa. Sababu ni kwamba mezani pale walikuwako watafutaji wengine wa kuajiriwa, wazee wa Kiingereza wenye chupa zao za chai, na yeye aliamini kabisa kwamba ukienda haja tu wanachungulia kazi yako. “Wacha wachungulie sasa,” alininong'oneza, akafurahi kama mtoto. Ndivyo wakulima na wahunzi wa Uingereza ya kale walivyoingia kadi kwa kadi katika Kiswahili changu cha Unguja na chake cha Kisumu, na sidhani kuna aliyewaomba radhi. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akajibu, “Mzuri tu,” kwa sababu kwao, alisema, hawakuzoea mambo makubwa hayo.

Sheria zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: “Andika ile umeona. Usiandike ile unataka.” Ya pili ilihusu neno moja. Ukimaliza mkanda mzima na mtu wako hukumkuta, unaandika jina la kijiji, miaka uliyoisoma, na chini yake kwa herufi kubwa, HAKUNA. “Hii ni neno nzito, Rukia,” aliniambia, kalamu mkononi. “Ukishaandika hakuna, mtu mwingine hatarudi huko tena. Umefunga mlango.” Niliitikia kwa kichwa. Umri ule kila kitu nilikiitikia kwa kichwa.

Kati ya Wamarekani wetu wote, niliyempenda kabla sijamwona ni Bi Lorna Tolley wa Virginia. Alikuwa mwalimu mstaafu, hakuolewa, na aliandika barua zake kwenye karatasi ya samawati kwa mwandiko wa mtu aliyesahihisha daftari za watoto maisha yake yote. Wa kwanza katika ukoo wao alikuwa Edward Tolley, kijana aliyepelekwa Virginia kwa mkataba, kulima tumbaku ya watu kwa miaka kadhaa ili kufidia safari, kisha naye akapata ardhi yake. Nduguze Bi Lorna walijiaminisha kwamba Edward alikuwa mtoto wa bwana mkubwa, wakachora ngao yenye simba wakaitundika juu ya mahali pa kuotea moto. Yeye simba hakumjali. Aliandika pia, bila kuulizwa, kwamba ardhi ile ilikuwa ya watu wengine kabla yao, na kwamba katika madaftari ya shamba yako majina ya watu walionunuliwa ambayo hakuna anayeyasoma mezani, na kazi ya kuyakusanya ameianza peke yake. Kwetu alikuwa na swali moja tu. Kila kiangazi ukoo mzima hukutana, na kabla ya kula, mwanamke mkubwa kuliko wote husoma majina ya akina mama, kuanzia bibi harusi wa karibuni, kurudi nyuma kizazi kwa kizazi. “Nikifika kwa Edward,” aliandika, “nasema: na mama yake. Halafu nanyamaza, na watu wanaanza kula.” Alitaka kujua mama yake Edward aliitwa nani.

Sasa nije kwenye jiko la mamdogo. Jumamosi moja ya baridi kali walikuja shoga zake kukunja sambusa, na mimi juu nikiwa nimejifunika, nikasikia wanamzungumza msichana wa kwetu aliyekuwa akisoma na kukaa Aston, kwamba ana mimba na mwanamume hajulikani. Mmoja alisema kamwona dukani na koti pana. Mwingine akataka kujua koti la rangi gani, kana kwamba rangi ingesaidia. Kisha nikasikia mwiko umewekwa chini. “Jamani, basi,” alisema mamdogo, na sauti yake haikuwa ya mchezo. “Mtoto wa watu yule, ana mama yake. Fedheha ya mwenzenu mkishaijua imekaa kwenu amana. Msitirini, nanyi msitiriwe.” Nikasikia sambusa zikitiwa mafutani. Mimi kitandani nilijaa fahari, nikajiona nimetoka kwenye nyumba ya watu waungwana, na nikaazimia nami niwe hivyo. Nayaeleza haya ili ijulikane kwamba nilichokifanya baadaye hakikutoka kwenye roho mbaya.

Nilimpata Edward Jumanne, Mzee akiwa kwa daktari wa macho. Kijiji chenyewe kiko nje kidogo ya mji, na mwandiko wa padri wake ulikuwa mbovu kuliko wote. Nilizungusha, nikapita, nikarudi. Edward, mwana wa Joan Tolley. Hapakuwa na jina la baba. Palikuwa na neno moja la padri, ambalo kwa Kiingereza cha siku zile lilikuwa la ukarani tu, amelirudia kwenye kurasa nyingine bila hata kubonyeza kalamu. Lakini kadi yangu ilikuwa ya Kiswahili. Nikaandika amebatizwa, nikaandika Edward, nikafika kwa mama, mkono ukasita. Nilichotakiwa kuandika ni mwana wa haramu. Maneno hayo kwetu hutamkwa na mtu aliyepandwa na hasira, na anayetukanwa nayo huwa hayasahau. Nilimfikiria Joan, akiwa pengine na umri wangu, amesimama kanisani na kitoto chake mbele ya kijiji kizima, na koti pana. Nikafikiria meza zile za Virginia, simba ukutani, watu wameacha kula wanatazamana. Basi nikaichana ile kadi vipande, nikavitia mfukoni, nikachukua nyingine. Nikaandika kijiji, nikaandika miaka, nikaandika HAKUNA. Nilirudi nyumbani kwa miguu hadi Winson Green, nimechangamka, nikiamini nimemfanyia wema mwanamke ambaye hakuwa na mwingine wa kumfanyia.

Bi Lorna alikuja mwenyewe mwezi wa tano. Hatukutarajia. Mzee alikuwa mjane, Jasi bado mdogo, na chakula chake cha wageni kilikuwa karanga, kwa hivyo mamdogo akasema mgeni ataletwa kwake. Alipika pilau ya kuku na kachumbari, mkate wa kumimina uliopanda vizuri mpaka akaenda kuwaonyesha jirani wa mlango wa pili, na mchuzi wa biringani wa Mzee, asiyekula nyama. Bi Lorna alikuwa mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mvulana. Alipotuona tunakula kwa mkono naye akataka, na nusu ya pilau ikamwangukia mapajani. “Mwacheni,” mamdogo alisema, “atajifunza, kwani sisi tulizaliwa tunajua?” Tulicheka sana. Ilikuwa mchana mzuri, na nikikumbuka jinsi ulivyokuwa mzuri naumia zaidi.

Kisha Mzee akamwomba radhi kwa ile kadi. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba kijiji kilichobaki tumekisoma, na hakuna. Bi Lorna alifuta vidole kimoja kimoja. “Sitafuti mtu mkubwa,” alisema. “Wanaotaka simba wanaye. Miye nataka jina tu. Kuna mwanamke alimzaa yule kijana, akamlea, akamtazama akiondoka, na sisi sote tumetoka kwake, na hatujui tumwiteje. Daktari ameniambia hali yangu. Ningependa kulisoma hata mara moja.” Mamdogo alikuwa ameshaweka kanga usoni. “Maskini,” alisema kwa Kiswahili, “mtu mzima yule, anamtafuta mama.” Jina lilikuwa ulimini mwangu. Lilikuwa fupi, lingetoka kwa pumzi moja. Lakini nikilisema, ningesema pia kwamba nimedanganya, mbele ya mamdogo, mbele ya Mzee aliyeniamini niwe macho yake. Nikainuka nikaenda jikoni kuchukua maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mamdogo akanifuata. “Una nini wewe? Mbona umepauka ivo?” Nikasema sina kitu. Kupitia mlangoni nilimwona Mzee ameacha kula, ananitazama. Alinitazama kidogo tu, kisha akarudia biringani yake.

Mgeni alipoaga alinishika mikono yote miwili. Akanishukuru kwa macho yangu. Alitumia maneno hayohayo, na mpaka leo mtu akiyasifu macho yangu nageuza mazungumzo.

Septemba nilianza masomo, baadaye nikawa mkunga, na kazi hiyo nimeifanya hapa Birmingham mpaka nilipostaafu. Nimewapokea watoto wengi ambao mahali pa baba paliachwa wazi. Mama zao walikuwa wamechoka, wana njaa, wanataka chai na mkate wa kuchoma, wanataka kumwangalia mtoto vidole. Sijapata kumwona hata mmoja aliyetaka jina lake lifichwe. Wengine walinitamkia herufi moja moja, wasije wakaandikwa vibaya. Hapo ndipo nilipofahamu nilichomfanyia Joan. Padri na lile neno lake baya alimwandika. Mimi na wema wangu nilimfuta. Niliona haya, na nikaendelea kunyamaza, kwa sababu sasa sikuwa namsitiri Joan tena, nilikuwa najificha mimi. Mara ngapi nilikusudia kumwambia Mzee! Kila Idi nilimpelekea bakuli, kila Vaisakhi, sikukuu yao Masingasinga, alinirudishia lililojaa, miaka yote hiyo, na kila mara nilisimama mlangoni kwake nikazungumza habari za hali ya hewa. Nilipohamia huku Perry Barr, kabla hazijajengwa hizi nyumba mpya za wakati wa mashindano ya michezo, alinisaidia kubeba makochi. Mwaka jana, alipokuwa kitandani, nilimwosha uso kwa kitambaa, nikafungua mdomo, akasema, “Maji ni baridi kidogo,” nikaenda kuongeza ya moto.

Boksi nililifungua alasiri ileile. Kadi zilikuwa zimepangwa kwa vijiji, hazikujikunja hata moja. Niliitafuta ile moja nikaipata upesi, kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwa mpira pamoja na bahasha. HAKUNA, kwa mwandiko wangu wa kisichana, wa duara. Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na herufi zilizosimama wima.

“Nimerudia mimi mwenyewe, mara mbili. Iko. Mama ni Joan. Rukia aliona, nilijua kwa uso yake siku ya pilau. Alikuwa anafichia mama ya watu aibu. Asiulizwe.”

Ndani ya bahasha palikuwa na karatasi ya samawati. Bi Lorna aliandika kiangazi cha mwaka uleule. Alisema mwaka huu amesoma mpaka mwisho. Alisema Joan mara mbili, kwa sababu ya kwanza sauti haikutoka. Binamu mmoja alitaka kujua baba, akamwambia akae chini ale. Halafu, mwisho wa barua: “Umeniambia ni yule binti aliyemwona Joan kabla ya mtu mwingine yeyote. Tafadhali mwambie kwamba nimemtaja pia pale mezani, baada ya Joan, na kwamba watu wote walisema ahsante.”

Mzee hakuniambia. Angeniambiaje, bila kunijulisha kwamba anajua? Kwa hiyo akaificha barua ya kunishukuru pamoja na kosa langu, akaendelea kuniletea bakuli, na kuniitikia shikamoo zangu kwa “mzuri tu,” mpaka akafa. Mimi niliyejiona najua kusitiri! Nilikaa pale mezani nikalia kwa sauti, mtu mzima, tende mbele yangu, na sikujizuia.

Nilipomaliza nikatafuta kalamu. Nikaikata HAKUNA kwa mstari mmoja, kama alivyonifundisha kusahihisha, ili kilichokosewa kiendelee kusomeka. Chini yake nikaandika kile nilichokiona: Amebatizwa, Edward. Baba hakuandikwa. Mama yake ni Joan Tolley. Kisha nikampigia Jasi simu.

“Auntie? You okay? Umelia?”

“Mzima, mwanangu. Tafuta mahali ukae. Nataka nikusomee kadi niliyoandika uongo, halafu nikusomee alichoandika baba yako nyuma yake.”